Alishtakiwa kwa Maneno Yake Mwenyewe

Wiki tatu zilizopita dada yangu alifukuzwa kazi kwa kosa la kuongea. Hakuiba, hakuchelewa, hakumtukana mtu. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuongea, kupokea simu za wateja wa kampuni ya maji, na aliifanya kwa miaka sita. Ukiwauliza kule ofisini watakwambia kwamba hakufuata mwongozo. Ukiwauliza huo mwongozo umetoka kinywani mwa nani, watakuonyesha jalada lenye nembo ya kampuni na kukuaga kwa adabu. Naandika haya ili jibu lao lisibaki peke yake.

Dada ni mtoto wa pili kwetu, mimi ndiye kitinda mimba. Tulilelewa katika nyumba ya vyumba vinane vilivyotazamana, uwanja katikati, bomba moja ukutani karibu na choo. Maji yalitoka alfajiri kwa saa mbili, na siku nyingine hayakutoka kabisa, tukabaki tunaliangalia bomba kama tunalolidai. Wapangaji walikuwa wa kila namna: kinyozi, mshona viatu, mwalimu wa shule ya msingi, dereva wa lori, mama muuza mkaa na mabinti zake. Kila mmoja alikuja mjini na Kiswahili chake. Mmoja aliyaburuta maneno, mwingine aliyakata katikati, na dereva alikuwa na matusi kutoka kila mji aliowahi kulala. Wote hao walikutana kwenye foleni ya ndoo, na hapo ndipo dada alipopatia elimu yake.

Nakumbuka asubuhi moja kinyozi aliwaka.

"Wee mama mkaa, ndoo yako ina miguu? Nimeenda kuvaa viatu tu, narudi imenipita!"

"Yako inasinzia, ndugu yangu. Yangu imeamka na mwenyewe."

Kinyozi akaanza kupandisha mikono ya shati. Dada alikuwa na miaka kumi hivi. Akapita katikati yao, akainama, akaweka sikio kwenye ndoo ya mama mkaa, akasikiliza, kisha akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Inasema ilibebwa," alitangaza. "Inaomba msamaha, ila kumtaja aliyeibeba inaogopa. Inakaa naye chumba kimoja."

Uwanja mzima ulivunjika mbavu. Mama mkaa alicheka hadi akashika ukuta, kisha akaichukua ndoo yake mwenyewe akairudisha nyuma. Dereva wa lori akasema mtoto huyu ni chiriku mtupu, na kuanzia hapo akaitwa Chiriku, hata mwalimu alisahau jina lake la darasani.

Nilipofika chuo, na kazi hii ya dada ndiyo iliyonifikisha huko, tulipewa mada ya mdahalo: je, maisha ya mjini yanakuza ubunifu wa mtu au yanaudumaza? Nikasimama upande wa kudumaza. Niliongea kwa povu. Nikasema mji umetufanya tuwe namba za milango, tunakula vilevile, tunavaa vilevile, tunapanga foleni na kuita maendeleo. Nilipigiwa makofi. Nikarudi nyumbani likizo, nikamwambia dada jinsi nilivyowatia wenzangu mfukoni.

"Kwa hiyo mji umeua ubunifu," alisema, huku akichambua mchele.

"Umeuzika kabisa."

"Na wewe huo mdomo umeupata wapi, msomi? Kwenye mgomba? Si hapo bombani, ukiwa umeshika sketi yangu, unamsikiliza dereva anatukana kwa lugha nne?"

Alisema kweli. Kama tungekulia kwenye boma la watu wa ukoo mmoja, dada angekuwa mcheshi wa ukoo. Mji ndio uliompa vinywa themanini vya kujifunzia, na kugongana nao kila asubuhi. Mada ile niliielewa nusu tu, na nusu ya pili nimeielewa wiki tatu hizi, kwa hasira.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya nne ya jengo la vioo visivyofunguka. Ndani kulikuwa na vizimba thelathini na sita, kila kimoja kimezungushiwa ubao uliofunikwa kitambaa cha kijivu, meza, kompyuta na hedifoni. Juu ya skrini kulikuwa na saa ndogo: simu ikianza ilikuwa ya kijani, ikifika dakika nne ikawa nyekundu. Chini ya saa kulikuwa na maneno ya kusoma. Waliyaita mwongozo. Kila simu ilirekodiwa, na kila wiki mkuu wa ubora alizisikiliza chache za kila mtu na kuzipa alama, kumi za salamu, kumi za kutaja jina la kampuni, kumi za kuomba radhi, hadi zitimie mia. Mabinti wa vizimbani walimwita Bwana Alama. Alikuwa mtu mpole, mwenye shati lililonyooshwa vizuri, na sikuwahi kusikia amepaza sauti. Watu wa namna hiyo ndio wanaonitisha siku hizi.

Simu ya kwanza ya dada ilikuwa ya ajuza mmoja, na alitusimulia mara nyingi hata naijua kwa moyo.

"Wewe binti, leo siku ya nne hakuna maji!"

Dada akasoma kwenye skrini: "Mteja wetu mpendwa, tunaelewa usumbufu ulioupata..."

"Mpendwa gani? Umeanza kunipenda lini?"

Dada akaangua kicheko. Hakuweza kujizuia. Kisha akaacha kusoma.

"Bibi, basi tuanze upya. Shikamoo."

"Marahaba. Ehe, sasa umekuwa mtu. Nisikilize, mjukuu wangu, hata kuoga nimeshasahau kunaanzia wapi."

"Usisahau, bibi. Babu atahamia kwa jirani."

"Babu yako alishakwenda zamani. Miaka kumi na moja."

"Kwa hiyo aliondoka ukiwa unanukia vizuri," dada alisema. "Tusimharibie kumbukumbu. Nisomee namba ya mita."

Bibi alicheka hadi akakohoa, akaisoma namba, na jioni ile fundi wa mabomba alipelekwa. Bwana Alama aliipa simu hiyo alama thelathini na tano. Lakini kesho yake bibi alipiga tena kushukuru, akaomba aunganishwe na "yule binti wa kicheko". Wakaanza kuomba wengine. Watu walipiga simu wakiwa wamevimba, wakakata wakiwa wanacheka, na waliokuwa wakitishia kuja kuvunja vioo walimaliza kwa kumuulizia mchumba. Bwana Alama alikuwa na karatasi ya hesabu ya malalamiko, na karatasi hiyo ilimwambia kwamba kizimba namba ishirini na tatu, cha dada, kina kitu. Wakamwacha aongee apendavyo. Ilikuwa miaka mitatu mizuri. Alikuwa akirudi nyumbani na vibwagizo vya siku, anatuigizia sauti za wateja, mama akiwa anafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Mwaka wa nne walikuja washauri wawili waliokodiwa na kampuni, wenye kompyuta nyembamba. Walikaa pembeni yake siku tatu, wakamsikiliza, wakamuuliza maswali. Walimletea biskuti. Dada alirudi nyumbani amefurahi kama mtoto aliyepewa zawadi mbele ya darasa.

"Wanataka kujua ninavyofanya!" aliniambia. "Nimewaeleza kila kitu, mdogo wangu. Kila kitu."

Nami nikafurahi. Nikamwambia hatimaye wamekuthamini. Najilaumu kwa neno hilo hadi leo.

Miezi mitano baadaye ukatoka Mwongozo Mpya wa Lugha ya Karibu, kurasa arobaini. Nimeusoma, dada aliuleta nyumbani mkobani. Ukurasa wa tisa: "Mteja mwanamke mwenye umri mkubwa. Sema: Bibi, basi tuanze upya. Mwamkie. Subiri aitikie." Ukurasa wa kumi na moja: "Mzaha Ulioidhinishwa Namba Tatu. Sema: Kwa hiyo babu aliondoka ukiwa unanukia vizuri, tusimharibie kumbukumbu. Tulia sekunde mbili kwa ajili ya kicheko." Kulikuwa na mizaha kumi na tisa. Yote ilikuwa ya dada. Jina lake halikuwamo, wala la mtu yeyote. Jaladani palikuwa na nembo tu, tone la maji linalotabasamu.

Sasa vizimba vyote thelathini na sita vikaanza kusoma Chiriku. Wateja si wajinga. "Mbona mwenzako jana kaniambia hivyohivyo?" waliuliza. "Nyie mmekaririshwa?" Bibi yule wa kwanza alipiga siku moja, akapokewa na kijana, akasomewa mzaha wake mwenyewe juu ya mume wake mwenyewe. Akauliza polepole, "Nani amekupa hilo?" kisha akakata. Hakupiga tena.

Na lilitokea jambo ambalo binti wa kizimba cha kumi na nane hatalisahau. Alipigiwa na mwanamke aliyetaka maji haraka, nyumba yake ina watu wengi. Binti akasoma mstari wa kuoga, ule wa mume kuhamia kwa jirani, mwanamke akajibu kwamba mume hayupo, na skrini ikamwelekeza moja kwa moja kwenye Mzaha Namba Tatu. Akausoma. Akatulia sekunde mbili. Mume alikuwa amezikwa jana yake, na watu waliojaa nyumbani walikuwa waombolezaji, ambao sasa binti aliwasikia wakilia nyuma ya simu. Mwanamke hakutukana. Alisema "Asante" kwa sauti ndogo, akakata simu. Binti alijifungia chooni saa nzima. Bwana Alama aliisikiliza simu ile akaipa alama tisini na nane, mbili zilipotea kwa sababu mteja hakuagwa.

Dada alipotania juu ya babu, alikuwa amesikia kwanza. Alisikia maneno "alishakwenda zamani" yakisemwa na mtu aliyelia akamaliza. Hicho ndicho kilichokuwa kipaji chake, na hakikuingia kwenye jalada, kwa sababu washauri walikuja kurekodi mdomo na kipaji kilikuwa sikioni.

Alijaribu kuendelea kwa kutunga mapya. Nani angeweza kusoma mzaha wake wa zamani baada ya kuusikia kwa sauti thelathini na tano, siku nzima, kupitia mbao za kijivu? Lakini sasa uhuru ule wa zamani ulikuwa umefutwa. Mwongozo ulikuwa kamili, na kilichokamilika hakiongezwi. Akapata sifuri. Sababu iliandikwa: "Alibadilisha mzaha ulioidhinishwa." Ikaja barua ya onyo. Ikaja ya pili.

Na nyumbani akanyamaza. Hilo ndilo lililonichoma. Kwa muda alijilazimisha kusoma kama walivyotaka, neno kwa neno, na alirudi jioni ulimi umemkauka. Siku moja tukiwa mezani mama aliomba apitishiwe chumvi. Dada, macho yakiwa mbali, akasema, "Naelewa usumbufu ulioupata."

"Usumbufu gani?" mama aliuliza. "Nimeomba chumvi, mwanangu."

Tulicheka. Dada hakucheka. Aliweka kijiko chini akaingia chumbani kwake. Kesho yake alirudi kazini akaongea na watu kwa maneno yake, na onyo la tatu likawa njiani. Kwa utaratibu wa kampuni onyo la tatu ni kikao.

Barua ya kikao ilisema wazi. Atapewa fomu ya kukiri kosa. Akisaini, anabaki na kazi, kwa sharti la kusoma mwongozo neno kwa neno tangu siku hiyo. Asiposaini, ajira inakoma. Mama alimsihi asaini. Mimi nilitaka kuandika magazetini, kutafuta wakili, kuwakusanya mabinti wote wa vizimbani. Dada alitusikiliza wote wawili akasema, "Nyie mnagombania mdomo wangu kama ndoo." Akaniomba niende naye, maana mfanyakazi aliruhusiwa kuja na shahidi mmoja. Shahidi haruhusiwi kusema.

Chumba kilikuwa kidogo na cha baridi, kiyoyozi kikinguruma. Bwana Alama alikaa katikati. Kulia kwake alikaa mama wa utumishi, mwanamke wa makamo mwenye miwani na faili. Kushoto alikaa msimamizi wa zamu, kijana aliyewahi kukaa kizimba cha jirani na dada, wakila chakula cha mchana pamoja, kabla hajapandishwa cheo. Hakutuangalia usoni.

Wakacheza simu yenye kosa. Mwoka mikate alikuwa akipiga kelele.

"Nina gunia zima la unga hapa! Maji yameniacha katikati! Mnataka niukande kwa mate?"

"Umeshatia hamira?" ilisikika sauti ya dada.

"Bado!"

"Basi una bahati, kaka. Unga haujaumuka. Kilichoumuka ni hasira yako. Ifunike kitambaa isimwagike, mimi nakutafutia fundi."

Kwenye kanda mwoka mikate akacheka kicheko cha aliyechoka. "Haya, dada. Nimeifunika. Fanya haraka."

Bwana Alama akazima. "Mteja mwenye biashara," alisema kwa upole, "ana sentensi yake. Ukurasa wa kumi na nne. 'Tajiri, bila wewe mji hauli.' Hapa haikusemwa."

"Sentensi hiyo ni yangu," dada akasema. "Nilimwambia mwenye mgahawa, mwaka juzi. Yeye alikuwa anajigamba, akastahili kuitwa tajiri. Huyu mwoka mikate alikuwa karibu kulia. Ningemwita tajiri angedhani namcheka."

"Una ushahidi kwamba ni yako?"

"Ninyi ndio mnaorekodi."

Msimamizi akajikuna kichwa. Akasema, bila kumtazama mtu, kwamba simu ile ipo, hutumika kufundishia waajiriwa wapya. Bwana Alama akamwambia aicheze. Ikachezwa. Mwenye mgahawa alikuwa akitamba kwamba amelisha wakubwa wote wa mji huu, na dada akamjibu, "Tajiri, bila wewe mji hauli. Lakini bila maji, na wewe utawapa wakubwa wako sahani wazilambe." Mama wa utumishi alicheka kwa sauti, akavua miwani kufuta macho. Msimamizi alicheka. Hata Bwana Alama midomo ilimcheza. Kwa muda wa pumzi mbili tatu chumba kile kilikuwa na watu. Nikamtazama dada, nikaamini tumeshinda.

"Nzuri sana," Bwana Alama akasema. "Tarehe?"

Msimamizi akamtajia.

"Mwongozo ulikuwa bado haujatoka." Alifikiri kidogo, kwa haki kabisa, kama mtu anayepima dawa. "Kwa hiyo na siku hiyo alikuwa nje ya mwongozo uliokuwepo. Tuongeze."

Na mama wa utumishi, machozi ya kicheko hayajakauka, akaandika.

Niliuma meno mpaka taya likaniuma. Ningewasamehe kama wangekuwa wameiba tu, mwizi anajua kwamba amechukua cha mtu. Hawa walichukua, wakafuta jina, kisha wakamshtaki mwenye mali kwa kuitumia vibaya mali yake. Na walifanya hivyo bila chuki hata chembe! Hapo ndipo nilipoujibu mdahalo wangu wa chuoni. Mji unazaa Chiriku kila siku, katika kila uwanja wenye bomba moja na watu wasioelewana. Halafu katika mji huohuo kuna ghorofa ya nne, na humo wamo watu wanaodhani kwamba mtu akitoa kitu kizuri, yeye mwenyewe hahitajiki tena.

Mama wa utumishi akasukuma fomu mezani. Dada aliisoma yote, polepole, kidole kikifuata mistari.

"Hapa mmeandika maneno yote yanayosemwa katika simu ya kampuni ni mali ya kampuni."

"Ndiyo," Bwana Alama akajibu.

"Na kikao hiki?"

"Kinarekodiwa pia. Ni utaratibu."

"Kwa hiyo na haya ninayosema sasa ni yenu?"

Msimamizi akainama mbele. "Dada, saini tu," alisema kwa sauti ya chini. "Usijitafutie makubwa. Maneno ni maneno."

"Kaka, kama maneno ni maneno tu, mbona mmeyachukua?"

Akaweka kalamu juu ya fomu, ikiwa imefunikwa. "Sisaini."

Mama wa utumishi akafungua faili, akatoa karatasi nyingine, akaanza kusoma. "Tunathamini mchango wako katika kipindi chote ulichokuwa nasi. Baada ya kutafakari kwa kina..."

"Mama," dada akamkatiza. Hakuwa na ukali. "Samahani. Weka karatasi chini. Niambie mwenyewe kwamba nimefukuzwa. Neno moja linatosha, sitakasirika."

Yule mama alifungua kinywa. Nilimwona akitafuta neno. Alimtazama dada, akamtazama Bwana Alama, uso ukamwiva, kisha akarudisha macho kwenye karatasi na kuanza tena kutoka juu. "Tunathamini mchango wako..."

Hapo nikasahau kwamba mimi ni shahidi. Nilisimama, kiti kikaanguka, nikaanza kuwaambia wao ni nani. Nadhani nilifika kwenye neno la pili la tusi. Dada alinishika mkono akanivuta kwa nguvu.

"Nyamaza, mdogo wangu," alisema. "Usiwape kitu. Wanarekodi."

Tukatoka.

Nyumbani hakukuwa na shangwe. Mama alilia kwanza, akagomba baadaye. "Ungesaini, mwanangu. Mdomo ungebaki wako tu."

"Wangeniachia meno tu, mama."

Siku kumi za kwanza dada alilala hadi jua linapanda, jambo ambalo hakuwahi kufanya tangu nimjue. Hakutania mtu. Simu yake ya mkononi ikilia aliitazama tu. Mimi nilikuwa nikitembea ndani ya chumba nikipanga mapinduzi, naye akiniomba nisiingize mchanga wa viatu ndani.

Jumapili iliyopita, mchana, msimamizi wa zamu alikuja. Dada alikuwa kizingitini akikunja nguo zilizokauka. Kijana alisimama uwanjani na mfuko wa matunda mkononi, hajui aushike vipi. Dada alimvutia kigoda. Ni mtu wa heshima kwa wageni, hata wa namna hiyo.

Walisalimiana, wakaulizana hali. Kisha akasema lililomleta. Mitaa ya upande wa chini haijapata maji wiki ya tatu sasa. Watu wamechoka hata kugomba. Wanapiga simu, na wakipokewa wanalia. Wanaume wazima. Mabinti wa vizimbani wanachanganyikiwa, wanawasomea mizaha.

"Hatuna ukurasa wa kulia," alisema.

"Bwana Alama anajua uko hapa?"

Alitazama viatu vyake. "Amenituma."

Nikainuka. Dada akaninyooshea kiganja nikae. Nilidhani atamfukuza palepale, lakini nilimwona uso umelegea, na nilijua amewasikia, wale waliolia, watu wa mitaa ya chini asiowajua hata mmoja. Alikunja shati la mama, akalilaza juu ya mengine.

"Mtu akilia," kijana akauliza, "wewe ulikuwa unasemaje?"

"Nilikuwa sisemi kitu, kaka. Nilikuwa nakaa naye pale. Anajua nipo, anasikia ninavyopumua. Baadaye namuuliza, uko na nani hapo nyumbani?"

Kijana alichomoa kalamu mfukoni, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaikunjua juu ya goti akaandika. Kisha akainua uso, na namwapia msomaji kwamba uso ule ulikuwa wa mtu mwema anayetaka kufanya kazi yake vizuri.

"Unakaa kimya sekunde ngapi?"

Nguo iliyokuwa mkononi mwa dada ilianguka.

"Toka," alimwambia.

"Dada, mimi nimetumwa tu..."

"Toka, kaka. Na hilo nalo kawaandikie."

Kijana alisimama, akauweka mfuko wa matunda juu ya kigoda, akavuka uwanja mbele ya majirani. Karatasi aliondoka nayo.